Wageni wa Usiku wa Ngulia

Aya ya 19 ya Suratul-Mulk yawaelekeza watu kuwatazama ndege walio juu yao, wanaokunjua na kukunja mbawa zao. Wengi wetu tumeisoma tangu chuoni, lakini ni wangapi walioinua vichwa? Sisi tulikumbushwa jambo hilo katika vichaka vya Ngulia, ndani ya Hifadhi ya Tsavo Magharibi nchini Kenya, usiku mmoja wa vuli usio na mbalamwezi.

Ukungu ulitanda mlimani, na katika mwanga wa taa za hoteli ya kitalii ndege wadogo wakaanza kushuka kama majani yapeperushwayo na upepo. Hawa husafiri usiku, na mbingu inapokuwa safi hupita juu bila kuonekana. Ukungu huwafumbia njia, taa zikawavuta. Tangu mwaka 1969 wataalamu hukutana hapo, hasa Novemba na Desemba, huwanasa kwa nyavu laini, huwapima, huwavisha mguuni pete nyepesi yenye namba, kisha huwaachia. Waliokwisha kuvishwa ni mamia ya maelfu.

Kulipopambazuka tulionyeshwa mmoja aitwaye kwa Kilatini Acrocephalus palustris. Rangi yake ni ya kahawia, hana pambo lolote, na uzito wake ni kama gramu 12. Alizaliwa Ulaya miezi michache tu iliyopita, akapitia Mashariki ya Kati na Bahari ya Shamu, naye alikuwa akielekea kusini mwa Afrika. Hakuwa na mzazi wa kumwongoza. Ndege wa aina hii huongozwa na nyota, jua na nguvu ya sumaku ya ardhi.

La kustaajabisha zaidi ni sauti yake. Mtafiti Françoise Dowsett-Lemaire, aliyewachunguza ndege hawa nchini Ubelgiji, alieleza mwaka 1979 kwamba dume mmoja huiga, kwa wastani, sauti za aina 76 za ndege, na zaidi ya nusu yao ni ndege wa Afrika. Huzijifunza katika mwaka wake wa kwanza, huku akisafiri. Basi mkulima wa Ubelgiji amsikiaye akiimba shambani mwake husikiliza, pasipo kujua, ndege wa vichaka vyetu.

Nasi huku kwetu? Watoto wetu hutembea na manati shingoni, na akiangushwa ndege wa namba hiyo hatuulizi alitoka wapi. Tumewahi hata kuwasifu kwa shabaha. Twasema haya tukijihesabu miongoni mwa wenye lawama.

Mtaalamu alifungua kiganja. Ndege yule akatulia kidogo, kana kwamba hakuamini, kisha akajitupa kichakani. Mbele yake zilikuwa zimebaki Tanzania na Zambia.