Gari kuukuu likivuka mpaka wa jimbo: nani analipa, nani anapata

Iowa haina kipimo cha moshi wa magari. Gari la mwaka 1998 ambalo taa ya injini imewaka mwaka mzima hupata pleti namba pale bila swali, mradi ada imelipwa. Mwenye gari hilo akipata kazi Sacramento, California, sheria humpa siku 20 tangu awe mkazi kuliandikisha upya, na idara ya usajili hudai kwanza cheti kwamba limepita kipimo. Hapo ndipo bajeti ya kuhama inapovurugika. Nauli ya lori la samani alishaipiga hesabu, na kodi ya nyumba pia. Matengenezo yanayokaribia thamani ya gari zima hakuyatarajia.

Jambo hili linawagusa wasomaji wetu wengi walioko Marekani. Wakongo wa Des Moines, Wakenya wa Minneapolis na Dallas, na Waafrika Mashariki wengine wanaofuata kazi za maghala, viwanda vya nyama na hospitali huhama majimbo mara kwa mara, na wengi wao huanza na gari lililotumika sana. Iowa na Minnesota hazipimi moshi; Minnesota iliacha mwaka 1999. Dallas inapima. Ndani ya jimbo moja nako mambo hutofautiana: Texas hudai kipimo katika kaunti 17 tu, na Georgia katika kaunti 13 zinazouzunguka mji wa Atlanta. Chanzo ni sheria ya shirikisho ya hewa safi, iliyotungwa mwaka 1970 na kukazwa mwaka 1990, inayolenga maeneo ya mijini yenye hewa mbaya na kuyaacha mengine.

California ina historia yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mkemia Arie Haagen-Smit alionyesha kwamba ukungu uliokuwa ukiwachoma macho watu wa Los Angeles ulitokana na moshi wa magari na mafuta ukichanganyika na mwanga wa jua. Jimbo likaanza kujiwekea viwango kabla ya serikali ya Washington, na sheria ya shirikisho ilipokuja ikaliruhusu kuendelea na vyake. Mwaka 1977 majimbo mengine yakapewa ruhusa ya kunakili viwango hivyo. Kwa miaka mingi viwanda vikawa vinaunda magari ya aina mbili, ya California na ya majimbo mengine 49. Tofauti hiyo imeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa chini ya boneti. Ni karatasi ndogo, lakini ndiyo inayomwambia mpimaji gari lilitoka kiwandani na vifaa gani, na gari likikosa kimoja tu, limeanguka kabla injini haijawashwa.

Biashara yenyewe ina sura kadhaa. Illinois imekabidhi kazi kwa mkandarasi mmoja, na mwenye gari halipi kitu. Colorado na Arizona nazo zinatumia wakandarasi, ila dereva hulipa. New Jersey hupima bure katika vituo vya serikali, huku magereji binafsi yakitoza. Georgia imeachia magereji kazi hiyo lakini ikaweka kikomo cha dola 25. Mfumo wa mkandarasi mmoja una hatari yake: Machi 30, 2021, kampuni ya Applus ilishambuliwa na wadukuzi wa kompyuta, na huko Massachusetts upimaji ukasimama kwa zaidi ya wiki mbili.

California imeachia soko. Cheti cha jimbo ni dola 8.25, lakini ada ya kupima kila kituo hujipangia. Vituo vingine vimepewa leseni ya kupima tu, bila kutengeneza, ili mpimaji asiwe na faida katika kulikataa gari. Huo ni mpango mzuri, ingawa haujaua udanganyifu. Wapo waliofungiwa leseni kwa kupima gari safi na kutoa cheti kwa jina la gari chafu.

Umri wa gari ndio unaoamua njia. Gari la petroli la mwaka 1975 au kabla ya hapo halipimwi kabisa. Kuanzia 1976 hadi 1999, katika miji mikubwa, gari hupandishwa kwenye rola na kuendeshwa kwa kasi ya maili 15 na maili 25 kwa saa, huku mrija ulioingizwa kwenye ekzosi ukipima gesi. Yale ya hadi 1995 hupimwa pia uvujaji wa mvuke wa petroli. Kuanzia mwaka 2000, mpimaji huchomeka waya na kusoma kompyuta ya gari. Mashine ya rola ni ya kizamani na inagharimu kuitunza, kwa hiyo vituo vingi vimebaki na ile ya kompyuta peke yake. Mwenye gari la miaka ya 1990 hulazimika kupiga simu huku na huko kutafuta atakayempokea, na aghalabu hutozwa zaidi.

Wenye magari ya kompyuta nao wana mtego wao, na ndio unaowanasa wageni wengi. Tangu mwaka 1996 magari madogo yanayouzwa Marekani yana kompyuta inayojichunguza yenyewe. Betri ikikatwa, au fundi akifuta makosa ili taa izimike, kumbukumbu za uchunguzi huo hufutika. Mashine ya kituo huona mara moja kwamba gari halijamaliza kujichunguza, na hulikataa hata kama halina kasoro. California humruhusu mwenye gari la 2000 na kuendelea kubakiza uchunguzi mmoja tu, ule wa mvuke wa petroli. Tangu Julai 2019 husoma pia makosa ya kudumu kwenye magari ya 2010 na kuendelea, ambayo fundi hawezi kuyafuta kwa mashine yake. Aliyesafirisha gari juu ya lori na betri ikachomolewa njiani hana budi kuliendesha siku kadhaa, kuanzia injini ikiwa baridi, mjini na kwenye barabara kuu, ndipo alipeleke. Kumlipa fundi azime taa asubuhi ya kipimo ni kutupa fedha.

Gharama kubwa kuliko zote iko kwenye masega, yaani kile kifaa cha ndani ya ekzosi kinachosafisha gesi kwa platinamu, paladiamu na rodiamu. Mwaka 2021 rodiamu ilikaribia dola 30,000 kwa aunsi, wizi wa masega ukaenea Marekani nzima, na spea zikapanda bei. Juu ya hayo, sheria haziko sawa. Masega yasiyo ya kiwanda asilia yanayouzwa chini ya utaratibu wa shirikisho hudhaminiwa usafishaji wake kwa maili 25,000. Yale ya California hudhaminiwa kwa miaka mitano au maili 50,000, na lazima yawe na namba ya kibali cha jimbo inayolingana na injini ile ile. Yana madini zaidi, na bei yake huwa mara kadhaa ya yale mengine. Colorado ilifuata kanuni hiyo mwaka 2021. New York na Maine zilikuwa zimetangulia. Mtu aliyefunga masega mapya Iowa mwezi uliopita, kihalali kabisa na risiti mkononi, ataambiwa Sacramento ayang'oe anunue mengine. Hapa ndipo ninapoona sheria inamwonea mhamaji. Kosa hakufanya, na hewa ya Iowa na ya California ni ya nchi moja.

Sisemi kipimo kifutwe. Donald Stedman, mkemia wa Chuo Kikuu cha Denver, alipima magari kwa mitambo ya kando ya barabara kwa miaka mingi na kuonyesha kwamba idadi ndogo ya magari mabovu ndiyo inayotoa sehemu kubwa ya uchafu. Mara nyingi wanaoishi pembeni ya barabara kuu, na kuuvuta moshi huo, ni wapangaji wa kipato kidogo, wakiwamo jamaa zetu. Jimbo la Washington liliacha kupima Januari 2020 kwa hoja kwamba magari yamekuwa masafi kiasi cha kutosha. California imekataa kulegeza: msamaha wa magari yaliyofikisha miaka 30 uliondolewa kwa sheria ya mwaka 2004, na mwaka 2025 muswada wa kuyasamehe ya miaka 35 ulikwama bungeni.

Tatizo langu ni msaada. California ina mfuko unaomlipia mtu wa kipato cha chini hadi dola 1,450 za matengenezo kwa gari la 1996 na kuendelea, na hadi dola 1,100 kwa la 1976 hadi 1995. Lakini mfuko huo haumhudumii anayeandikisha gari California kwa mara ya kwanza. Hata fedha za kulistaafisha gari bovu hutolewa kwa lililokuwa na usajili wa jimbo kwa miaka miwili mfululizo. Anayehama, aliyekwisha kumaliza akiba kwa lori na amana ya nyumba, ndiye anayeachwa nje. Hofu kwamba watu wangeleta mabovu kutoka nje ili walipiwe ina msingi, lakini inaweza kuzuiwa kwa kudai ushahidi kwamba gari lilikuwa kwa jina la mhamaji, katika jimbo alikotoka, kwa angalau mwaka mmoja. Wabunge wa California wafungue mlango huo.

Wewe unayejiandaa kuhama, fungua boneti leo na upige picha karatasi ya moshi. Kama taa ya injini inawaka, jua sababu kabla ya kufunga mizigo, na kama ni masega, usinunue mapya kabla ya kujua jimbo unakokwenda linadai namba ipi. Ukifika, omba kituo kinachopima tu, bila gereji. Na ukikataliwa kwa sababu usiyoielewa, California inao waamuzi rasmi wa kipimo. Omba miadi nao kabla ya kuliuza gari lako kwa bei ya chuma chakavu.