Mbolea Imeshuka Bei, Deni Bado Lipo

Mkazi wa Ihumwa, mashariki ya jiji la Dodoma, yuko karibu zaidi na Wizara ya Kilimo kuliko shamba lolote la tumbaku. Wizara imo Mji wa Serikali, Mtumba, jirani tu. Tumbaku iko mbali magharibi: Urambo, Kaliua na Sikonge mkoani Tabora, na huko Chunya. Hapa Ugogoni, mvua ikiwa milimita 570 hivi kwa mwaka, watu hulima mtama, uwele, alizeti na zabibu.

Hata hivyo Urambo na uwanda huu wetu vina undugu. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mradi wa karanga Kongwa, pale unapokata Mbande ukitoka Dodoma, na baadaye wakapeleka trekta Urambo na Nachingwea. Hazina ya Uingereza ilimwaga pauni milioni 36 hivi. Fedha ilikuwepo, mvua na udongo laini ndivyo vilivyokosekana. Mradi ulipovunjwa 1951, Kongwa ikageuzwa malisho ya ng'ombe, Urambo ikapewa tumbaku.

Sasa tuje kwenye ruzuku ya leo. Agosti 8, 2022, siku ya Nane Nane, Rais Samia alizindua Mbeya ruzuku ya mbolea iliyotengewa shilingi bilioni 150. Mfuko wa DAP wa kilo 50 ukashuka kutoka kama 131,000 hadi 70,000. Mkulima husajiliwa, huenda kwa wakala na namba yake, hulipa bei ya ruzuku. Tofauti hulipwa na serikali. Anayelima mahindi na kununua mbolea kwa fedha taslimu huuona unafuu huo siku hiyohiyo.

Mkulima wa tumbaku hanunui hivyo. Hupewa makisio ya kilo atakazozalisha, huchukua pembejeo kwa mkopo kupitia AMCOS, yaani chama chake cha ushirika cha msingi, na deni hukatwa siku ya soko. Mfuko ukishuka bei, deni hupungua, na hilo si dogo. Lakini mbolea ni sehemu tu ya hesabu. Kuna kuni za bani la kukaushia majani, kuna vibarua, kuna miezi mingi ya kusubiri. Kisha robota la tumbaku linafunguliwa mbele ya mteuzi, naye ndiye anayeamua daraja lake. Jani lililokaushwa kwa usiku kadhaa linaweza kushuka madaraja mawili kwa mtazamo mmoja, na hapo mamia ya maelfu ya shilingi yameondoka bila mtu kugusa bei ya mbolea. Tena kwa miaka mingi bei ya tumbaku imehesabiwa kwa dola, kwa hiyo mkulima wa Kaliua amebeba hatari ya sarafu isiyo yake. Mnunuzi mmoja akiondoka, kama kampuni ya TLTC ilivyofanya 2018, makisio hukatwa na jani hukosa wa kulinunua.

Wenzetu walishika upande mwingine. Mwaka 2004 Marekani ilifuta mgawo wa tumbaku uliodumu tangu miaka ya 1930 na kuwalipa wenye mgawo na wakulima takribani dola bilioni 10 kwa miaka kumi, fedha iliyotozwa kwa watengenezaji na waagizaji wa bidhaa za tumbaku. Tanzania iliridhia mkataba wa WHO wa kudhibiti tumbaku mwaka 2007, na mkataba huo unataka mkulima atafutiwe njia mbadala. Kutafuta njia hiyo huku tukipunguza bei ya mbolea ya tumbaku ni kuvuta kamba pande zote mbili.

Na Ihumwa? Anayelima mtama bila kununua mbolea ya dukani hapati kitu katika ruzuku ya mfuko. Msimu wa 2021/22 serikali ilipotoa mbegu za alizeti za ruzuku Dodoma, Singida na Simiyu, ndipo ruzuku ilipofuata ardhi ya watu. Kwa Tabora, ningeanzia kwenye mizani: mteuzi asiyeegemea upande wa mnunuzi, na malipo yanayoingia kabla msimu mwingine haujadai mkopo mpya.