Kabla ya kukubali injini ifunguliwe, dai ipimwe kompresheni

Pikipiki ikianza kukataa kuwaka asubuhi, au ikiishiwa nguvu kwenye mwinuko wa Mazeras ilhali imebeba abiria mmoja tu, mwendeshaji huambiwa moja kati ya mambo mawili: "kabureta imekufa" au "ringi zimeisha, lazima tufungue." Mara nyingi kauli zote mbili hutolewa bila kipimo chochote, na zote zina gharama. Mbali na pesa za spea na ufundi, kuna siku mbili tatu bila kazi huku mwenye pikipiki akidai hesabu yake ya jioni, au mkopo ukizidi kupanda. Msimamo wangu ni kwamba injini isifunguliwe kabla ya kupimwa kompresheni. Kazi yenyewe haimalizi nusu saa.

Nazungumzia hasa pikipiki za zamani za kabureta, zenye silinda moja na kiki: Honda CG125 iliyotoka mwaka wa 1976, zile nyingi za Kichina zilizofuata muundo wa injini yake, pamoja na Boxer zetu za kila siku. Katika injini hizi, pistoni ikipanda hubana hewa na petroli hadi karibu sehemu moja ya tisa ya ujazo wa mwanzo, kisha plagi hutoa cheche. Mbano huo hulindwa na ringi, valvu na gasketi ya hedi. Kimoja kikivuja, nguvu hupotea, na hata ukinunua kabureta mpya haitairudisha.

Anza na tapeti. Valvu iliyobanwa sana haifungi vizuri, na injini itasoma chini hata kama ringi ni nzima. Tapeti hurekebishwa injini ikiwa baridi. Baada ya hapo, washa pikipiki au izungushe mtaani mpaka ipate moto wa kawaida, kisha izime na ufunge petroli.

Futa mchanga kuzunguka plagi kabla ya kuifungua, usije ukaingia kwenye silinda. Zima swichi ya injini, rudisha plagi kwenye kofia yake na uigusishe kwenye chuma cha injini, mbali na tundu, kwa sababu mvuke wa petroli utakaotoka hapo unaweza kushika moto. Funga geji yenye nyuzi zinazolingana na za plagi yako. Kuna za milimita 10, 12 na 14. Geji nzuri kwa silinda ndogo ni ile yenye valvu yake karibu na ncha inayoingia kwenye tundu. Bila hiyo, hewa iliyo ndani ya mpira hupunguza kipimo.

Sasa zungusha mshiko wa mafuta hadi mwisho na uushike hapo. Hatua hii husahaulika sana. Kabureta ikiwa imefungwa, silinda haipati hewa ya kutosha, na geji itasoma chini bila injini kuwa na kosa. Hakikisha choki pia imefunguliwa. Piga kiki kwa nguvu mpaka sindano isipande tena, kwa kawaida mara 5 hadi 10. Rudia mara tatu na uandike namba.

Kitabu cha pikipiki yako ndicho cha kufuatwa, maana injini nyingine zina kifaa cha kulegeza mbano wakati wa kiki na husoma chini. Kwa jumla, injini ndogo nzima husoma kati ya psi 120 na 180. Ikishuka chini ya 100, kuna jambo. Ikipita sana kiwango cha kitabu, huenda masizi yamejaa juu ya pistoni.

Namba ikiwa ndogo, mimina kijiko kimoja cha chai cha oili kupitia tundu la plagi, piga kiki mara chache ienee, kisha pima tena. Oili huziba kwa muda mwanya wa ringi. Namba ikipanda sana, ringi au silinda imelika. Isipopanda, angalia valvu na gasketi ya hedi. Hapo unajua kama unalipia kusaga valvu au kubadilisha pistoni, na tofauti ya bei unaijua mwenyewe.

Kipimo hiki hakisemi kila kitu. Pikipiki inaweza kusoma vizuri na bado ikatoa moshi wa samawati, kwa sababu sili za valvu au ringi ya oili ndiyo iliyochoka. Lakini ikisoma vizuri na haiwaki, rudi kwenye cheche, petroli na usafi wa kabureta, na uiache hedi mahali pake.

Huku Pwani tuna adui wetu. Vumbi la barabara za ndani za Kwale na Kilifi husaga ringi kama msasa pale mtu anapotoa filta ya hewa akidhani anaongeza mbio. Filta safi na oili inayobadilishwa kwa wakati ni rahisi kuliko pistoni. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Ushauri wangu kwa viongozi wa steji: changeni mnunue geji moja ya kutumiwa na wote. Siku mwendeshaji anapokabidhiwa pikipiki, ipimwe mbele ya mwenyewe na namba iandikwe pamoja na tarehe. Miezi sita baadaye, tajiri akisema "umeniulia injini," daftari litaonyesha kama aliitoa ikiwa na psi 150 au tayari ilikuwa 90. Vijana wengi hukatwa pesa kwa injini zilizochoka kabla hawajazishika.