Bei Huzaliwa Kasindi

Mgeni anayemaliza kazi yake Butembo au Beni huniuliza swali lile lile siku moja kabla ya kuondoka: nitapata wapi zawadi ya kupeleka nyumbani, na nitafanyaje nisiuziwe bei ya mgeni? Nimeulizwa na walimu wa Kisangani, madereva wa malori wa Kampala, wauguzi kutoka Conakry, hata shemeji zangu wa Kinshasa. Wengi wanaamini kuna maneno ya siri: anza na nusu ya bei, jifanye unaondoka, usionyeshe kwamba umekipenda kitu. Nimefundisha uchumi wa soko kwa vijana wa miji hii kwa miaka mingi, na ujanja huo nauona hausaidii sana. Kinachoamua kama bei itashuka ni jinsi muuzaji na mnunuzi wanavyojua ilikotoka.

Tuchukue kikwembe, ambacho majirani zetu wa Tanzania na Kenya wanakiita kitenge. Ndiyo zawadi ambayo karibu kila msafiri huondoka nayo. Maduka yake yamepangana kwenye Rue Président de la République hapa Butembo, na Beni utayakuta kando ya Boulevard Nyamwisi na ndani ya soko la Kilokwa. Kitambaa hicho mara nyingi kimechapwa China, kikapanda meli hadi Mombasa, kikavuka Kenya na Uganda kwa lori, kikapita Kasese na kufika Mpondwe. Hapo kuna mto Lubiriha, na ng'ambo yake ni Kasindi, mlango wetu wa forodha. Kutoka Kasindi hadi Beni ni kilomita 80, na kutoka Beni hadi Butembo 54. Mnamo Juni 2021 marais wa Kongo na Uganda walikutana Mpondwe kuzindua ujenzi wa barabara hizo, na kila mchuuzi wa vikwembe anaufuatilia mradi huo kwa karibu, maana barabara mbovu nayo ni ushuru. Lori likikwama kwenye tope siku tatu, deni la mwenye mzigo halisimami. Katika miezi mibaya, wakati waasi wanapovamia njia, magari hungojana yapite kwa msafara chini ya ulinzi. Siku zote hizo za kungoja zinaingia kwenye bei ya kitambaa kabla mwenye duka hajakifungua.

Kwa hiyo bei ya kikwembe huzaliwa Kasindi, na inapofika kwa mama anayekuuzia imekwisha kuwa mtu mzima. Yeye amenunua kwenye depo, yaani ghala la jumla. Depo ziko chache, na wenzake wote wa mtaa huo wananunua hapo hapo. Ndivyo biashara ya Butembo ilivyojengwa: tangu miaka ya 1980 wafanyabiashara Wanande walikuwa wakisafiri kuleta mali, kwanza jirani, kisha Dubai, Hong Kong, Jakarta na Guangzhou. Baadaye wakubwa kati yao wakajulikana kama G8, kila mmoja akiwa na mali aliyoizoea, huyu vitambaa, yule pikipiki na vipuri. Watafiti kutoka mbali wamekuja kujiuliza mji uliozungukwa na vita, ambao serikali inausimamia kwa mbali, uliwezaje kuagiza makontena kutoka Asia. Jibu lao linarudi mara kwa mara kwenye neno moja, uaminifu, na uaminifu huo umeenea kwa ndugu, kwa kanisa na kwa watu wa kijiji kimoja. Kwa mnunuzi wa kawaida, maana yake ni kwamba bei za duka na duka hutofautiana kwa dola moja au mbili tu. Ukiambiwa dola 17 ukajibu 8, muuzaji hakasiriki. Anajua tu kwamba hujui.

Nilikaa siku moja kwenye kibao dukani kwa mama mmoja ninayemfahamu. Akaingia mwanamke anayetafuta nguo ya harusi ya mdogo wake.

"Mama, hii ngapi?"

"Ni kumi na nane. Kwako, kumi na saba."

Yule mwanamke hakujibu kuhusu bei. Alishika pembe ya kitambaa akaigeuza, akalinganisha rangi ya nje na ya ndani. Akasoma maandishi ya kwenye pindo. Akalowesha kidole kwa mate, akasugua. Kisha akaanza kupima kwa mkono, kutoka puani hadi ncha ya vidole, akihesabu polepole mpaka sita, kwa sababu kipande kamili ni yadi 6, kama mita tano na nusu.

"Hii haina nta, mama. Ni ya kuchapwa."

"Ni ya kuchapwa, kweli. Ndiyo maana sikusema thelathini."

"Basi kumi na nne."

"Lete kumi na tano, nikuongeze kitambaa cha kichwa."

Ikaisha, na hazikupita dakika tano. Neno "ghali" halikutamkwa hata mara moja. Kilichoishusha bei ni sentensi moja kuhusu nta. Kitambaa cha nta halisi, kama kinachotengenezwa na Vlisco ya Helmond, Uholanzi, iliyoanza mwaka 1846, kinapakwa nta pande zote mbili kabla ya kutiwa rangi, kwa hiyo rangi inakolea mbele na nyuma sawasawa. Mishipa midogo inayobaki pale nta ilipovunjika haifanani kwenye vipande viwili. Kitambaa cha kuchapwa upande mmoja kina mgongo uliofifia, na mara nyingi kimekazwa kwa wanga unaoisha mara ya kwanza unapokifua. Si kitambaa kibaya. Mama zetu wengi wanakivaa shambani na kanisani. Lakini bei yake ni nyingine, na anayeijua tofauti hiyo hahitaji kupandisha sauti.

Watu wengi wanaona kupatana bei kuwa tabia ya watu maskini au ya watu wa zamani, na kwamba duka la kisasa ni lile lenye karatasi ya bei. Historia inasema vingine. Bei ya kubandikwa ilipata umaarufu kwenye maduka makubwa ya karne ya 19, kama Bon Marché ya Paris chini ya Aristide Boucicaut kuanzia mwaka 1852. Sababu yake ni rahisi: duka lilipoajiri mamia ya wauzaji, mwenye duka hakuweza kumpa kila kijana ruhusa ya kupanga bei. Kwenye maduka ya kujihudumia ya hapa ni hivyo hivyo. Kijana wa kwenye kaunta hawezi kukupunguzia faranga mia, kwa kuwa bei hiyo si yake. Mama wa vikwembe amekalia mali yake mwenyewe, na hata akikubali kupoteza dola moja leo ili urudi mwezi ujao, uamuzi ni wake.

Kurudi huko ndiko nguzo ya soko. Mwanaanthropolojia Clifford Geertz alichunguza soko la Sefrou, Morocco, na katika makala yake ya mwaka 1978 alieleza kwamba mahali ambapo habari za ubora na bei ni adimu, watu hupunguza hatari kwa kushikamana na muuzaji mmoja. Hapa kwetu muuzaji husema huyu ni kiliya wangu, yaani mteja wa kudumu. Kiliya haanzi kwenye bei ya juu. Anaambiwa mapema kwamba mzigo mpya uko njiani, anakopeshwa mwisho wa mwezi, na akinunua maharage anapata matabishi, ile nyongeza ya kiganja kimoja juu ya kopo. Matabishi nayo ina hesabu yake. Noti ndogo za faranga zimechakaa na thamani yake imekwisha, kwa hiyo kwenye vitu vya bei ndogo fedha haina nafasi ya kushuka. Fungu la nyanya likiwa faranga 500, hakuna atakayekuuzia kwa 430, kwani chenji ya kukurudishia haipo. Mnapatana kwa nyanya, na badala ya bei kushuka, fungu linapanda.

Mahali pengine ambapo wageni hupoteza fedha bila kujua ni kwenye noti zenyewe. Tunaishi na fedha mbili. Faranga ya Kongo ilirudi mwaka 1998, na noti yake kubwa kabisa, ya 20,000, ilitoka mwaka 2012. Kitu chochote cha thamani hutajwa kwa dola na mara nyingi hulipwa kwa faranga, au kwa mchanganyiko wa vyote viwili. Umepambana dakika kumi kuondoa dola moja, kisha muuzaji anakuuliza, "Unalipa na franka?" Ukisema ndiyo, yeye ndiye anayetaja kiwango. Tuseme mbadilishaji wa pembeni, mwenye meza yake na mabunda ya noti, leo anabadilisha kwa 2,800, na duka linahesabu kwa 2,900. Kwenye kitambaa cha dola 20 umeongeza faranga 2,000, na zaidi ya nusu ya dola uliyoipigania imerudi dukani. Kwa hiyo, uliza kiwango kabla ya kukubaliana bei. Kagua dola zako pia kabla ya kutoka nyumbani. Noti yenye mpasuko mdogo kwenye ukingo, hata usioonekana ukiwa mbali, itakataliwa au itapokelewa kwa hasara. Nimemwona mtu mzima karibu atoe machozi kwa noti ya 50 iliyokunjwa vibaya.

Hayo yote ni kuhusu vitu vyenye bei inayojulikana. Zawadi hasa, kwa maana ya kitu cha mahali hapa tu, ni jambo gumu zaidi. Kikapu, au kitunga kama tunavyosema, hakikupita Kasindi. Vivyo hivyo chukudu ndogo ya mbao, mfano wa baiskeli zetu za kubebea mizigo. Vivyo hivyo nguo ya gome kutoka msitu wa Ituri, ambayo wanaume Wambuti huitwanga kutoka gamba la ndani la mti na wanawake huichora kwa maji ya gardenia na mkaa. Vitu hivyo havina depo, na duka la jirani halikupi kipimo. Mnunuzi ni mtu anayeondoka kesho, kwa hiyo kiliya hayupo. Hapo ndipo bei inaweza kuanza popote, na ndipo ule ujanja wa wageni wa kuanza na nusu ya bei unaonekana kufanya kazi, kwa sababu hata muuzaji mwenyewe anakisia.

Tuliliona jambo hilo likiukumba mji mzima. Tarehe 1 Agosti 2018 Ebola ilitangazwa Mangina, karibu na Beni, na mlipuko haukutangazwa kuisha mpaka tarehe 25 Juni 2020, baada ya kuua watu 2,287. Mamia ya wageni walikuja kutusaidia, wakiwa na magari, vyumba vya kukodi na bajeti za dola. Kodi za nyumba zilipanda, gari la kukodi likawa na bei ambayo mwalimu hawezi kuigusa, na watu wakaita hali ile biashara ya Ebola kwa uchungu ambao bado haujaisha. Wapangaji wale hawakujua bei za mtaa, na wenye nyumba walijua kwamba wataondoka. Soko lilifanya kile ambacho soko lisilo na kiliya hufanya kila mahali. Tulipoteza pia kupeana mikono. Bei ilikuwa ikifungwa kwa kiganja, na kwa karibu miaka miwili tuliifunga kwa kiwiko, harufu ya klorini ikitufuata mpaka nyumbani.

Kuna vitu ambavyo havifai kupatana bei hata kidogo. Ukionyeshwa kipande cha pembe ya ndovu au ngozi ya okapi, hata kwa minong'ono na kwa bei ndogo, ondoka. Sheria ya Kongo inawalinda wanyama hao, biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu ilipigwa marufuku mwaka 1989, na unaweza kukamatwa uwanja wa ndege wa kwanza utakaoshuka. Zaidi ya hapo, walinzi wa Virunga wanauawa kwa sababu ya biashara kama hiyo. Nunua kahawa ya vilima vya Lubero, au chokoleti ya Mutwanga, iliyotengenezwa chini ya Rwenzori kwa kakao ya mashamba yetu.

Kwa vitu vilivyotengenezwa kwa mkono, mimi hutumia swali ambalo halipendwi na wanaotaka rahisi: umekifanya siku ngapi? Nilimwuliza mama mmoja wa vitunga aliyekuwa ametandika mali yake chini, nje ya Kilokwa. Aliniangalia kwanza, maana alikuwa ameshataja bei yake na alitarajia niikate.

"Siku nne," akasema. "Lakini mchana nilikuwa shamba. Nilisuka jioni."

Nikamwuliza kibarua wa shambani analipwa ngapi kwa siku. Akanitajia. Tukahesabu pamoja, jioni nne kama siku mbili za kazi, tukaongeza ya nyuzi za mgomba ambazo huzinunua kwa jirani, na ya pikipiki iliyomleta kutoka kijijini. Jumla ikapita bei aliyoitaja yeye mwenyewe. Akairudia hesabu kwa vidole, pole pole, midomo ikitembea. Nikamlipa jumla ile. Akasema "wasingya", akatia marakuja mbili ndani ya kitunga bila kuombwa, kisha akamgeukia mwenzake wa mkeka wa pili akamweleza kwa Kinande. Yule mwenzake aliinua kitunga chake kikubwa zaidi, akakizungusha mikononi, akaanza kuhesabu na yeye.