Mafundi wa Usiku Ghorofani

Mwaka 1978, makarani wa jengo la Citicorp mjini New York walipofunga ofisi jioni, zamu nyingine ilikuwa inaingia. Maseremala walizungushia mbao maungio ya vyuma. Saa 2 usiku wachomeleaji walianza kazi, wakaendelea hadi saa 10 alfajiri. Wasafishaji wakafuta masizi, na asubuhi makarani wakarudi kwenye meza zao bila kujua lolote.

Jengo lilikuwa jipya kabisa: ghorofa 59, urefu wa mita 279 hivi. Kwa kuwa kanisa la Kilutheri lilipaswa kubaki kwenye kona ya kiwanja, nguzo kuu za jengo ziliwekwa katikati ya kila upande badala ya kwenye pembe. Ni kama meza ambayo miguu yake imehamishwa kutoka kwenye kona. Ukiisukuma ubavuni inatulia. Isukume kwenye kona uone.

Mhandisi wake, William LeMessurier, alikuwa amepiga hesabu za upepo unaovuma moja kwa moja ukutani, kama kanuni za mji zilivyodai. Maswali ya mwanafunzi mmoja yalimrudisha kwenye karatasi zake, na safari hii akapima upepo unaopiga kona na kukumba kuta mbili kwa pamoja. Mzigo kwenye baadhi ya mihimili ulipanda kwa asilimia 40. Kwenye maungio, asilimia 160.

Na maungio hayo hayakuwa yale aliyoyachora. Yeye alitaka yachomelewe. Ili kupunguza gharama yakafungwa kwa bolti, ofisi yake ikaridhia, yeye asiambiwe. Hapo ndipo hatari ilipojificha: badiliko dogo, lisilotisha likitazamwa peke yake, lilikutana na hesabu isiyokamilika.

LeMessurier angeweza kunyamaza. Badala yake aliwaendea wenye jengo akakiri kosa, huku akijua kwamba jina lake lingeweza kuharibika. Vipande vya chuma vyenye unene wa inchi 2 vikachomelewa juu ya maungio zaidi ya 200. Juu kabisa ya jengo kulikuwa na donge la zege la tani 400 la kupunguza mtikisiko, lakini lilitegemea umeme, ambao tufani ingeweza kuukata; likawekewa jenereta za akiba. Wataalamu wa hali ya hewa wakaajiriwa kufuatilia pepo usiku na mchana, na mpango wa kuwahamisha watu wa mitaa ya jirani ukaandaliwa.

Septemba ilipoanza, kimbunga Ella kikaelekea upande wa New York, kazi ikiwa imefika nusu tu. Kikageuka, kikaishia baharini.

Jengo liliokolewa, lakini waliolala chini yake hawakuambiwa hatari yenyewe. Waliisoma mwaka 1995 katika jarida la The New Yorker, miaka 17 baadaye. Ujasiri wa mhandisi unastahili heshima. Kimya kile hakistahili.