Lebo chache zinalipa, lakini faili bovu linakula faida

MSINDIKAJI wa asali wa Tabora au Singida anapopeleka chupa zake kwenye duka la Dar es Salaam, mara nyingi mwenye duka hutazama lebo kabla ya kuonja. Stika iliyofifia au yenye picha ya ukungu humpunguzia bei hata kama asali ni safi. Ndivyo ilivyo pia kwa unga wa lishe, siagi ya karanga, pilipili ya kusaga na mvinyo wa rozela.

Kwa muda mrefu kikwazo kilikuwa idadi. Mchapaji wa ofseti hutengeneza pleti moja kwa kila rangi, na picha ya kawaida ina rangi nne. Kisha huharibu karatasi kadhaa hadi rangi zikae sawa. Gharama hiyo ni ileile uchapishe lebo 200 au 20,000, ndiyo maana mwenye mashine hakutaka kusikia habari za oda ndogo. Mashine ya kidijitali haina pleti. Picha hutoka kwenye kompyuta moja kwa moja hadi kwenye karatasi. Mashine za rangi za aina hiyo za kampuni za Indigo na Xeikon zilitokea mwaka 1993, na leo uchapaji huo unapatikana hata kwenye maduka madogo.

Tupige hesabu. Tarakimu hizi ni za mfano tu, msomaji aweke za mchapaji wake. Tuseme ofseti inadai Sh200,000 za maandalizi na Sh40 kwa kila lebo, na dijitali inadai Sh150 kwa lebo bila maandalizi. Gharama zinalingana kwenye lebo kama 1,800. Ukichapa 5,000 kwa ofseti unalipa Sh400,000, yaani Sh80 kila moja, na kwa dijitali ungelipa Sh750,000. Hapo ofseti imeshinda bila ubishi.

Lakini swali la mkulima ni lebo ngapi zitatumika kabla hazijapitwa na wakati. Ukitumia 1,500 kisha ukabadilisha namba ya simu, ujazo wa chupa au viambato, zile 3,500 zinabaki kuwa za kuwashia moto. Sh400,000 gawanya kwa 1,500 ni karibu Sh267 kwa lebo. Dijitali ingekugharimu Sh225,000 tu. Na mabadiliko hayatoki kwako peke yako. Mwaka 2019 usimamizi wa usalama wa chakula ulihamishwa kutoka TFDA kwenda TBS, na aliyekuwa na maboksi ya lebo zenye kutaja TFDA ilimbidi afikirie upya.

Kwa hiyo anayeanza, nashauri achape kidogo kidogo kwa dijitali. Tatizo ni kwamba faida hiyo hupotelea kwenye faili. Mashine huchapa ilichopewa, na mafundi wengi hawana muda wa kukurekebishia.

Tuanze na picha. Lebo yenye upana wa sentimita 10 ni kama inchi 4, na uchapaji mzuri unahitaji nukta 300 kwa kila inchi. Hivyo picha iwe na pikseli karibu 1,200 kwa upana. Picha iliyotumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hubanwa na kupoteza ubora. Itume kama hati. Nembo yako ni vyema ichorwe kwa mtindo wa vekta, unaoweza kukuzwa hadi ukubwa wa bango bila kuchakaa.

Rangi nazo hudanganya. Simu huonyesha rangi kwa mwanga mwekundu, kijani na buluu, ilhali mashine hutumia wino wa samawati, majenta, njano na nyeusi. Kijani kinachong'aa kwenye simu hutoka kimefifia kwenye karatasi. Mwambie msanifu aandae kazi kwa rangi nne za uchapaji tangu mwanzo, na maandishi madogo yawe ya wino mweusi peke yake.

Kisha kuna kisu. Hakuna kisu kinachokata palepale kila mara, kwa hiyo rangi ya chini ivuke mstari wa kukatia kwa milimita 3 kila upande. Lebo ya milimita 100 kwa 60 iwe na faili la 106 kwa 66. Maandishi nayo yakae milimita 3 ndani ya mstari. Usipoacha ziada hiyo, utaona ukingo mweupe upande mmoja. Faili lenyewe liwe PDF yenye fonti ndani yake. Ukipeleka la Word, kompyuta ya mchapaji ikikosa fonti yako huweka nyingine, na maneno yanahama.

Msimbopau ndio unaoumiza zaidi, kwa sababu kosa lake hugundulika bidhaa ikiwa kaunta. Ukubwa wake kamili ni kama milimita 37 kwa 26, na haushauriwi kushuka chini ya asilimia 80 ya hapo. Pande zake zibaki wazi. Vifaa vingi vya kusomea hutumia mwanga mwekundu, hivyo mistari myekundu haionekani kabisa, na ya kahawia yenye wekundu ni ya mashaka. Wauza asali wanaopenda stika ya kung'aa inayoonyesha chupa wawe waangalifu: asali ikiwa nyuma yake, mistari myeusi haina weupe wa kuitofautisha. Dai wino mweupe uwekwe chini yake.

Kabla ya kutoa ruhusa, soma pia uzito. Lita moja ya asali ina takriban kilo 1.4, kwa hiyo chupa ya mililita 500 ina kama gramu 700. Anayeandika gramu 500 anagawa bure.

Usikubali sampuli ya kwenye skrini. Omba moja iliyochapwa kwenye stika ileile, ibandike kwenye chupa, iweke kwenye friji usiku mzima, kisha isugue kwa kidole chenye maji. Wino ukitoka, uliza kuhusu kufunika kwa plastiki, lakini acha sehemu isiyofunikwa ya kugonga tarehe na namba ya toleo, maana wino wa muhuri huchelewa kukauka juu ya plastiki. Na unapolipa salio, ondoka na faili la asili kwenye flashi yako, siyo PDF pekee. Wapo wanaolizuia ili urudi kwao kila mara kwa bei wanayotaka.