Tegemeo kwa Mungu na Maji ya Ziwa: Rumonge Wakati wa Maradhi

Mwaka 1992 kipindupindu kilirejea Rumonge baada ya mji huo kukaa miaka 14 bila ya kukiona. Rumonge ni mji wa mwambao wa Ziwa Tanganyika, yapata kilomita 70 kusini ya Bujumbura. Nyuma yake ni michikichi iliyopanda hadi vilimani. Mbele yake ni maji, na ng'ambo ya maji ni milima ya Kongo. Watu wake ni wavuvi wa mukeke na ndagala, wakamuaji wa mawese, wachuuzi na watumishi. Misikiti na makanisa yamo mitaa ile ile, na Kiswahili husikika sokoni sambamba na Kirundi. Katika mji wa namna hii, maradhi yaingiapo, neno la kwanza kutamkwa nyumbani ni kwamba Mungu atatulinda.

Wataalamu waliofika kuchunguza maradhi yale waliwauliza wagonjwa na majirani zao wazima maswali mepesi: nani ameoga wapi, na nani amekunywa maji gani. Majibu yaliwaelekeza ziwani. Waliokunywa maji ya ziwa na waliooga ndani yake ndio waliopatikana zaidi na ugonjwa, na vijidudu vya kipindupindu vilionekana katika maji ya ziwa lenyewe. Habari hizo zilichapishwa mwaka 1997 katika jarida la madaktari liitwalo The Lancet, na tangu hapo jina la Rumonge limekuwa likitajwa popote wanapozungumzia kipindupindu cha maziwa makuu.

Haikuwa habari nyepesi kupokelewa. Ziwa hilo ndilo linalowalisha watu. Mvuvi aliyekesha na taa zake usiku kucha hurudi alfajiri, akajitosa majini kuoga, na maji yakamwingia kinywani asijue. Mama hufulia hapo, watoto huchezea hapo, na bomba likikauka ndoo hujazwa hapo. Kumwambia mtu kwamba riziki yake na maradhi yake vinatoka mahali pamoja ni kumgusa penye imani yake. Atauliza: Je, kuliogopa ziwa alilotupa Mungu si kumshuku Mungu mwenyewe?

Swali hilo ni la kale, na aliyelijibu mbele ya watu wake alikuwa Khalifa Umar bin Khattab. Yapata mwaka 639 tauni ilizuka Amwas, katika Palestina, yalikokuwa majeshi ya Waislamu wa Shamu. Umar alikuwa njiani kutoka Madina, na habari hizo zilimfikia mahali paitwapo Sargh. Aliwaita wazee kushauriana, wakahitilafiana, naye akakata shauri kurudi. Abu Ubaida bin Jarrah, amiri wa jeshi la Shamu, akamwuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Umar alimjibu kwa mfano wa mchunga ngamia aliyeteremka katika bonde lenye pande mbili, mmoja wenye majani na mwingine mkavu. Popote atakapolisha, amelisha kwa kadari ya Mungu. Basi kwa nini asichague penye majani? Kisha akatokea Abdurrahman bin Auf, ambaye hakuwapo shaurini, akaeleza aliyoyasikia kwa Mtume: watu wasiingie katika nchi yenye tauni, wala waliomo wasitoke kwa kuikimbia.

Abu Ubaida alibaki na askari wake, na tauni ikamwua. Kilichofuata hakisimuliwi mara nyingi, nacho chafaa kusikiwa na kila aishiye kambini. Uongozi ulipomfikia Amr bin al-As, aliwaamuru watu watawanyike wapande milimani, wasikae wamesongamana, na tauni ikatulia. Kufanya hivyo hakukuwa kukosa imani.

Wakristo nao wana kisa chao. Injili zasimulia jinsi shetani alivyompandisha Yesu juu ya mnara wa hekalu, akamtaka ajirushe chini, akimtajia ahadi ya Zaburi kwamba malaika watamchukua. Ni Zaburi ya 91, ambayo waumini wengi huisoma wakati wa maradhi, na maneno yake ni ya kweli kwao. Hata hivyo Yesu alikataa kujirusha, akisema Mungu hajaribiwi. Askari wa zamu huelewa jambo hili bila ya mahubiri marefu, kwani humwomba Mungu amfikishe asubuhi, na huku haondoki lindoni wala hafumbi macho.

Mwaka 2020 Burundi nzima ilikutana na swali la Abu Ubaida. Mwezi Machi, kabla ya mgonjwa yeyote wa korona kutangazwa nchini, msemaji wa serikali alimshukuru Mwenyezi Mungu kwa kuilinda nchi. Tarehe 31 mwezi huo wakatangazwa wagonjwa wawili wa kwanza. Mikutano ya uchaguzi iliendelea viwanjani, na kura ikapigwa Mei 20. Jirani, Tanzania, Rais John Magufuli aliwaita wananchi katika siku tatu za maombi, Aprili 17 hadi 19. Rais Pierre Nkurunziza alifariki Juni 8. Aliyemfuata, Evariste Ndayishimiye, ni mtu asiyeficha dini yake; lakini Juni 30 aliiita korona adui mkubwa kuliko wote wa Burundi, akaagiza bei ya sabuni na ya maji ipunguzwe, na mwezi Julai upimaji wa watu wengi ukaanza. Chanjo ilichelewa hadi Oktoba 2021. Maombi hayakukoma kwa siku hata moja.

Sabuni hiyo isipitwe haraka. Mawese ya Rumonge, mbali na kupikiwa, ndiyo hutengenezewa sabuni. Mji uliokumbwa na kipindupindu mwaka 1992 ulikuwa umezungukwa na miti itoayo mafuta ya sabuni.

Kwa nyumba ya Mwislamu wa mwambao kuna jambo moja lisilosemwa vya kutosha. Udhu una kusukutua na kupandisha maji puani. Achukuaye udhu kwa maji ya ziwa wakati wa kipindupindu ameyatia kinywani maji yale yale aliyoambiwa asiyanywe. Maji yaliyochemshwa yakapoa hayapotezi utohara wake. Hali kadhalika maji yaliyotiwa dawa ya klorini kwa kipimo cha kunywa, kwani maji ya bomba la mjini yana dawa hiyo hiyo na watu huyatawadhia kila siku. Kwa makanisa yabatizayo kwa kuzamisha, yafaa ubatizo uahirishwe hadi maradhi yaishe.

Katika kota na kambi, ambako familia nyingi hutumia pipa moja na choo kimoja, uzembe wa nyumba moja ni ugonjwa wa mstari mzima. Pipa lifunikwe, na kata ya kuchotea iwe na mpini. Mtu akianza kuharisha maji meupe kama ya mchele, asingojewe hadi kesho, kwani kipindupindu chaweza kuua katika saa chache. Akiwa anapelekwa zahanati anyweshwe maji ya chumvi na sukari: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyo sawasawa na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Mtoto anyonyaye aendelee kunyonya. Akitibiwa upesi, karibu kila mgonjwa hupona. Asipotibiwa, hata nusu yao huweza kufa.

Kuna hadithi za Mtume zinazomhesabu miongoni mwa mashahidi aliyekufa kwa tauni au kwa maradhi ya tumbo. Ni faraja kubwa kwa wafiwa, na hakuna wa kuwanyang'anya. Lakini maiti wa kipindupindu bado ana vijidudu, na waoshaji wavae mipira mikononi, watumie dawa, kisha wanawe kwa sabuni kabla ya kugusa chakula cha matanga.

Januari 1, 2023, kipindupindu kilitangazwa tena Bujumbura. Mwaka uliofuata ziwa lilipanda hadi nyumba za ufukweni, za Rumonge zikiwamo, zikaingia maji, na vyoo vikazama pamoja nazo. Mahali kama hapo ndoo, sabuni na dua ya mama hufanya kazi kubwa, lakini choo kilichofunikwa na ziwa humwaga vilivyomo humo humo mtu anamochota. Wakazi hao wanahitaji vyoo vilivyo juu ya usawa wa maji, na bomba lisilokauka.